Nitawafundishaje watoto kushuku bila kuwafundisha dharau?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Hisabati darasa la sita. Kwenye gulio letu kuna bwana anayewaambia watu waandike tarakimu sita za mwisho za namba zao za simu, wazivuruge wapendavyo, watoe namba ndogo kwenye kubwa, kisha wafiche tarakimu moja ya jibu, yoyote isipokuwa sifuri, kwa kuwa "sifuri haina nyota". Wakimtajia jumla ya zilizobaki, anaitaja ile iliyofichwa, na hakosei. Baada ya hapo anasema namba yako imebeba mkosi, anakuuzia karatasi yenye mraba wa namba tisa ukaiweke chini ya mto. Bibi wa mwanafunzi wangu alitoa shilingi 20,000. Nimeihesabu ile karatasi: kila mstari unaleta 15. Hata mimi nilisita. Nataka kuwafundisha watoto wasilizwe hivi, lakini mwenzangu wa idara anasema hesabu za michezo zinakula vipindi, na kumfundisha mtoto kushuku ni kumfundisha dharau kwa wakubwa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na lile neno la sifuri, maana hapo ndipo bwana yule alipojianika mwenyewe. Mtu anayeona kilichofichwa angekiona hata kikiwa sifuri. Ukisikia sharti dogo la namna hiyo, linalotajwa haraka na kupambwa kwa neno zito kama "nyota", lisimamie hapohapo. Mara nyingi ndilo linaloshikilia mtambo mzima.

Tuufungue mtambo wenyewe. Tuseme tarakimu zangu ni 472815. Nazivuruga, napata 158274. Natoa: 314541. Nafuta ile 5 kwa kidole, namtajia jumla ya zilizobaki: 3 na 1 na 4 na 4 na 1, yaani 13. Yeye kichwani anatafuta kigawe cha 9 kinachofuata baada ya 13, ambacho ni 18, na kinachopungua ni 5. Kazi imekwisha. Sasa fikiria jumla niliyomtajia ingekuwa 18 kamili. Iliyofichwa ingeweza kuwa 9, na ingeweza kuwa 0, naye hana namna ya kujua ni ipi. Ndiyo maana ameikataza sifuri mapema.

Kwa nini tisa? Usiwaandikie watoto kanuni. Wape maembe. Maembe 10 ukiyafunga mafungu ya tisa-tisa, linabaki embe 1. Maembe 100 yanatoa mafungu 11, linabaki 1. Maembe 1,000 yanatoa mafungu 111, linabaki 1 tena. Basi mwenye maembe 352 ana mia tatu zinazobakiza 3, makumi matano yanayobakiza 5, na mawili ya juu. Jumla yamebaki 10, ambayo ni fungu moja zaidi na embe 1. Ukizivuruga tarakimu ukaandika 523, tarakimu ni zilezile, kwa hiyo baki ni lilelile. Na namba mbili zenye baki moja, ukitoa moja kwenye nyingine, mabaki yanafutana: 523 toa 352 ni 171, mafungu 19 kamili. Ndiyo sababu jumla ya tarakimu za jibu lazima iwe kigawe cha 9, avuruge nani, avuruge vipi.

Nakuomba dakika moja zaidi hapa, kwa sababu hili ni jambo zito kuliko kiinimacho. Waandishi wa hesabu wa Kiarabu walilitumia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kukagua kazi zao, na bado linafaa ubaoni leo. Mtoto amezidisha 47 kwa 38 akapata 1,786. Tarakimu za 47 zinaleta 11, ambayo inaleta 2. Za 38 zinaleta 11, tena 2. Mbili mara mbili ni 4. Za 1,786 zinaleta 22, yaani 4. Imekubali. Lakini mwambie aandike 1,768 kwa makosa, ukaguzi utakubali vilevile, kwa kuwa kuvuruga tarakimu hakubadili baki. Ule upofu unaomlisha bwana wa gulioni ndio unaomponyoka mkaguzi. Darasa likishaliona hilo kwa macho yake, umefundisha baki, thamani ya nafasi na mipaka ya ukaguzi katika kipindi kimoja. Mwenzako aje ahesabu ni vipindi vingapi vimeliwa.

Sasa karatasi. Naamini iliandikwa hivi:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Hukukosea kusita. Ulichokiona ni kitu cha kweli na ni kizuri mno. Namba kuanzia 1 hadi 9 zinajumlisha 45. Zikigawanywa katika mistari mitatu iliyo sawa, kila mmoja hauna budi kuwa 15. Waulize watoto: katikati pakae namba gani? Mistari inayopita katikati ni minne, na jumla yao ni 60. Mistari hiyo minne inagusa kila kijumba mara moja, isipokuwa cha katikati kinachoguswa mara nne, yaani mara tatu za ziada. Kwa hiyo 60 ni 45 na mara tatu ya namba ya katikati. Namba hiyo ni 5, haiwezi kuwa nyingine. Waachie wenyewe wagundue kwamba pembe nne lazima zishikwe na 2, 4, 6 na 8. Wakimaliza, watakuta kuna namna nane tu za kuuandika mraba huo, na zote nane ni mraba mmoja uliozungushwa au kuonwa kwenye kioo.

Historia yake nayo wasimulie bila haya. Wachina waliujua mapema sana. Kwa Waarabu, ambao kila herufi ya abjadi ina thamani yake, zile pembe zinasomeka be, dali, wau, he: 2, 4, 6, 8. Likatoka neno Buduh, ambalo watu waliliandika juu ya barua ili zifike salama. Katika karne ya 18 mwanachuoni kutoka Katsina, Nigeria ya leo, Muhammad al-Kishnawi, aliyefariki Cairo mwaka 1741, aliandika kwa kina jinsi ya kujenga miraba mikubwa zaidi yenye pande witiri, tano kwa tano, saba kwa saba na kuendelea. Huyu ni mtu wa hisabati hasa, na watoto wetu wanastahili kumjua.

Ninachotaka ukishike ni hiki: ajabu ya mraba ni ya mraba. Mkosi wa namba ya simu ni nyongeza ya muuzaji. Amechukua kitu cha kweli ambacho kila mtu anaweza kukihakiki, akakibandika juu ya kitu ambacho hakuna awezaye kukihakiki, na bibi wa watu, alipokuta cha kwanza ni kweli, akaona na cha pili ni kweli. Mimi darasani nina maswali mawili tu ya kazi hii, nayaandika pembeni mwa ubao: *Tumeona nini? Tumeambiwa nini?* Tumeona ametaja tarakimu iliyofichwa. Tumeambiwa namba ina mkosi. Tumeona mistari inaleta 15. Tumeambiwa karatasi inalinda mlalaji. Watoto wa darasa la sita hulielewa hilo haraka kuliko sisi.

Wanafunzi wako wakubwa kidogo wana mtego mwingine wanaoujua vizuri zaidi: watabiri wa mechi wanaotuma ujumbe kwenye simu. Kijana anapokea utabiri wa bure, timu fulani itashinda, inashinda. Wiki ya pili hivyo hivyo. Baada ya mara tano bila kukosea anaambiwa wa sita ni wa kulipia. Analipa, anaweka mkeka mkubwa, mkeka unachanika. Hili nalifundisha kwa sarafu. Wote wanasimama, kila mmoja na sarafu yake. Rusha! Aliyepata kichwa abaki amesimama, mwingine akae. Darasa la watoto 64 linabaki na kama 32, halafu kama 16, halafu 8, mpaka abaki mmoja au wawili. Mwaka mmoja alibaki msichana mdogo wa dawati la nyuma, kichwa mara sita mfululizo, darasa likapiga makofi mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Nikamuuliza, "Mwanangu, una siri gani?" Akaitazama sarafu yake kwa muda, akasema, "Sina, Mwalimu. Ila lazima angebaki mtu." Sijawahi kusikia somo la uwezekano likielezwa vizuri zaidi.

Kutoka hapo hesabu ya mtabiri inajipanga yenyewe. Ana namba za simu 1,024. Nusu anawatumia "atashinda", nusu "hatashinda". Matokeo yakitoka anawasahau waliopata utabiri mbovu, anabaki na 512. Kisha 256, 128, 64, na baada ya mechi ya tano, 32. Hao 32 wameshuhudia kwa macho yao mtu aliyepatia mara tano kati ya tano. Hawajadanganywa katika walichoona. Wasichokiona ni wale 992 walionyamaziwa. Waulize watoto swali la tatu, la hatua hii tu: *Wengine wako wapi?*

Kuhusu vipindi kuliwa, kuna mtu mmoja ningependa mwenzako amjue. Martin Gardner alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1914. Shahada yake kutoka Chuo Kikuu cha Chicago ilikuwa ya falsafa, wala hakusomea hisabati chuoni. Alichokuwa nacho tangu utotoni ni mapenzi ya mazingaombwe. Desemba 1956 jarida la Scientific American lilichapa makala yake kuhusu karatasi inayokunjwa pembe sita, ambayo ukiikunjua nyuso zake zilizofichika zinajitokeza moja baada ya nyingine. Mwezi uliofuata akapewa safu ya michezo ya hisabati, akaiandika kwa takriban miaka 25. Na ni mtu huyohuyo aliyekuwa ameandika kitabu kizima mwaka 1952 kuwachambua wauza sayansi ya uongo, na mwaka 1976 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kamati ya Marekani ya kuchunguza madai ya miujiza kwa njia ya sayansi. Wengi huona hizo ni kazi mbili. Mimi naona ni moja. Mcheza mazingaombwe anajua kwa vidole vyake jinsi jicho linavyopotoshwa. Anayejua hilo hufurahi kuuonyesha mchezo, na huumia akiuona unatumika kumnyang'anya mtu akiba yake.

Je, michezo ile ilikula vipindi vya nani? Mwaka 1975 safu yake ilizungumzia maumbo ya pembe tano yanayoweza kutandaza sakafu bila kuacha nafasi. Mama mmoja wa nyumbani wa San Diego, Marjorie Rice, ambaye masomo yake ya hisabati yaliishia sekondari, aliisoma, akakaa jikoni na michoro yake, akagundua aina nne ambazo hakuna mwanahisabati aliyekuwa amezijua. Agosti 1977 safu hiyohiyo iliwaeleza wasomaji njia mpya ya kufunga siri kwa kutumia namba tasa kubwa, njia ya Rivest, Shamir na Adleman, pamoja na fumbo lenye zawadi ya dola 100 kwa atakayeipasua namba ya tarakimu 129, yaani kutaja namba tasa mbili zilizozidishwa kuipata. Ilipasuliwa mwaka 1994, baada ya watu wapatao 600 kuunganisha nguvu za kompyuta zao. Njia hiyo na ndugu zake ndizo zilizokuja kulinda malipo yanayopita kwenye intaneti. Sisemi kila chemshabongo itazaa benki. Nasema mtu hakai jikoni na pembe tano kwa miezi kwa sababu ameamriwa.

Nimefika kwenye dharau, na hapa mwenzako ana haki ya kuogopa. Nimewaona vijana waliojifunza kukanusha tu: kila wasikiacho wanakicheka, na kumbe hawajakihakiki hata kimoja. Kukanusha bila kupima ni kuamini kwa jina jingine. Ila tiba yake iko ndani ya kazi yenyewe. Huko Marekani msichana wa miaka 9, Emily Rosa, alifanya mradi wa sayansi wa shule kuhusu tiba ambayo watendaji wake walisema wanahisi nguvu itokayo mwilini mwa mtu kwa viganja, bila kumgusa. Hakubishana nao. Aliwaomba wakae upande wa pili wa ubao wa karatasi ngumu wenye matundu mawili, wapitishe mikono yao, viganja juu. Yeye alirusha sarafu kuchagua, akaweka kiganja chake juu ya mkono mmoja bila kuugusa, akauliza: ni upi? Watendaji walikuwa 21, na majaribio yakafika 280. Walipatia mara 123, yaani asilimia 44. Aliyefumba macho akabahatisha angepata kama 140. Mwaka 1998, akiwa na miaka 11, matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani.

Tazama alivyofanya. Aliwapa wakubwa wale nafasi ya haki ya kuonyesha wanachosema wanakiweza, na sharti lilikuwa wazi kwa wote kabla ya kuanza. Sioni dharau hapo. Mtoto anayesema "Babu, naomba tujaribu pamoja, tukubaliane kwanza tutahesabu vipi" ana adabu kuliko anayeitikia "ndiyo" mdomoni huku akicheka moyoni.

Na bibi wa mwanafunzi wako? Usimwite shuleni, wala usimtume mtoto akamwambie amepigwa. Mfundishe mtoto ule mchezo wa tarakimu mpaka aufanye bila kukwama. Siku moja jioni amfanyie bibi yake, ataje ile iliyofichwa. Bibi atashangaa kwamba mjukuu naye ana uwezo. Hapo mtoto amwambie, "Bibi, kaa hapa nikufundishe na wewe." Hizo 20,000 hazitarudi, lakini Jumamosi ijayo gulioni atakuwepo mtu mzima mmoja anayejua kwa nini sifuri imekatazwa, na majirani watamsikiliza yeye kuliko mimi na wewe.

Jambo la mwisho, nalo nalisisitiza: usiishie kwa matapeli. Watoto wakizoea kushuku wanaowachukia tu, hawajajifunza. Wape kitu ambacho wewe na wao mngependa kiwe kweli. Mimi hutumia mfupa wa Ishango. Uliokotwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin kule Kongo, Mto Semliki unapotoka katika lile ziwa ambalo kwenye ramani zetu ni Ziwa Edward, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Una chale zilizokatwa kwa makundi, katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Utasikia ikisemwa kwa fahari kwamba Waafrika wa kale walikuwa na jedwali la namba tasa. Nami ni Mwafrika, moyo unaruka kila nikiusikia usemi huo. Lakini safu ya pili ni 11, 21, 19 na 9, na 21 na 9 si tasa. Wengine wameusoma mfupa kuwa kalenda ya mwezi. Aliyekata chale alikuwa anahesabu kitu, hilo wengi wanakubali. Kwamba alijua namba tasa, hilo ni sisi tuliomwongezea.

Chora safu zote tatu ubaoni. Ya tatu ni 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Usiwaambie lolote kuhusu namba tasa wala mwezi. Waache wajumlishe kila safu, watakuta 60, 60 na 48, kisha kila kundi liandike lilichokiona na, mstari wa chini yake, linachokidhania. Halafu wabadilishane madaftari.